Muhula mmoja Berlin, kwenye mstari wa U6

Neno la kwanza nililolisoma Berlin bila kufungua kamusi lilikuwa Schule. Lilikuwa kwenye kibao kando ya uzio, asubuhi yangu ya pili mjini, manyunyu yakidondoka, nami navuta sanduku kuelekea chumba nilichokilipia nikiwa bado nyumbani. Nikasimama. Shule. Neno letu la kila siku, ambalo mtoto wa miaka mitatu analijua, lilikuwa limetundikwa pale likiwa na herufi moja ya ziada, kana kwamba linanisubiri nilitambue. Tulilichukua kwa Wajerumani walipotutawala, na hatukulirudisha. Hata hela ni yao: Heller ilikuwa sarafu iliyoanza kutumika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Basi nilikuwa nimevuka bahari kutafuta shule, nikihesabu hela mfukoni, na maneno yote mawili yametoka huko nilikofika.

Kwenye kila fomu niliyojaza niliitwa mwanafunzi wa kubadilishana. Muhula wa baridi wa Ujerumani huanza rasmi Oktoba mosi na kuisha Machi 31, lakini mihadhara yenyewe huanza katikati ya Oktoba na kukoma katikati ya Februari. Ukiondoa mapumziko ya Krismasi, unabaki na wiki chache kuliko unavyodhani unapofunga mizigo. Nilidhani nitazitumia darasani na maktaba. Wiki tatu za kwanza nilizitumia kufukuzia karatasi moja.

Nataka kulisema hili kwa urefu, kwa sababu hakuna aliyeniambia kabla sijaondoka. Sheria ya Ujerumani inamtaka kila anayehamia kwenye makazi ajiandikishe kwa mamlaka ya eneo ndani ya siku 14. Wenyewe wanaita Anmeldung. Ili ujiandikishe, unahitaji hati iliyosainiwa na anayekupangisha, ikithibitisha kwamba kweli unakaa pale. Kisha unahitaji miadi. Ukishapata cheti, ndipo mambo mengine yanafunguka: kibali cha ukaazi, akaunti katika benki nyingi, namba ya kodi kama unataka kufanya kibarua. Pete moja ikikosekana, mnyororo wote unalala chini.

Aliyenipangisha chumba alipokea kodi ya mwezi mzima, akanionyesha jiko, akanipa ufunguo. Nilipomletea ile hati, akasema hawezi kusaini. Baadaye nilielewa kwamba yeye mwenyewe alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba hakujua kwamba nipo. Kwa sheria, mimi sikuwa nakaa popote. Nililia usiku ule, si kwa sababu ya hela peke yake, bali kwa sababu nilikuwa na ufunguo mkononi na bado sina makazi. Wiki ya tatu ofisi ya wageni ya chuo ilinipatia chumba katika bweni la wanafunzi, na hati yangu ikasainiwa kwa nusu dakika. Kwa hiyo mdogo wangu unayejiandaa kuondoka: kabla hujalipa chochote, uliza kwa maandishi kama hati ya kujiandikisha itasainiwa. Akisitasita, tafuta kwingine, hata kama chumba kina dirisha zuri na kiko karibu na chuo.

Bima ya afya ni lazima kabla ya kusajiliwa chuoni. Hiyo ilikwenda bila shida, siiongezei neno.

Saa ndiyo iliyonipa fundisho la pili. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tumeshazoea kugeuza kichwani: ukiona 14:00 kwenye ratiba, ni saa nane mchana. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni herufi mbili ndogo zilizofuata, c.t. Siku ya semina yangu ya kwanza nilifika saa nane kamili. Chumba kitupu. Nikangoja dakika kumi, nikarudi kusoma ubao wa ukutani, nikashawishika kwamba nimekosea jengo, nikaondoka. Kumbe c.t. ni ufupisho wa Kilatini unaomaanisha kwamba somo litaanza robo saa baada ya muda ulioandikwa. Ni desturi ya zamani ya vyuo vya huko. Saa nane na robo walikuwa wamejaa ndani, mimi niko upande wa pili wa barabara nasoma ramani. Ukiona s.t., hapo ndipo dakika ni dakika.

Juma lililofuata niliingia kwa wakati. Mwishoni mwa mhadhara, mwalimu alipofunga kompyuta yake, darasa zima likaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Nilishtuka, nikadhani wanalalamika. Mwenzangu wa pembeni akanielekeza kwa ishara: ndivyo wanavyopiga makofi. Nikagonga pia, na mbao ile ikanitetemesha hadi kwenye kiwiko. Sijui kwa nini sauti ile iliniingia moyoni namna ile. Pengine kwa sababu ni shukrani isiyohitaji kutazamana usoni, na kwa miezi ile ya mwanzo sikuwa na ujasiri wa kutazamana na watu.

Katika semina watu walimpinga mwalimu. Walifanya hivyo kwa upole, wakitaja ukurasa, na yeye akaandika pingamizi lao kwenye daftari lake. Nilikuwa nimekulia katika madarasa ambamo unyamavu ni heshima, na bado naamini upo unyamavu ulio heshima. Lakini pale unyamavu wangu ulisomwa kama sijasoma. Ilinichukua hadi katikati ya Novemba kuinua mkono, na sentensi yangu ya kwanza niliiandika neno kwa neno kabla ya kuisema.

Kuhusu mzigo wa masomo nina msimamo mkali. Vyuo vya Ulaya hupima kazi kwa krediti za ECTS: 60 kwa mwaka, 30 kwa muhula, na kila krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Mkataba wangu wa masomo ulinipa krediti zote 30, kozi sita. Ukizidisha, unapata saa 750 kwa uchache. Kwa mtu anayejifunza pia kununua tiketi, kuelewa tangazo la kituoni na kulala bila kuamka saa tisa usiku, huo ni mzigo wa punda wawili. Niliomba kuacha kozi moja, chuo changu cha nyumbani kikakubali baada ya barua tatu. Ile Alhamisi iliyobaki tupu ndiyo iliyonipa Berlin. Kama chuo chako kitakuruhusu kuchukua pungufu, chukua pungufu, wala usione haya.

Kisha giza likaja. Berlin iko zaidi ya nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta, nami nilikuwa nimeishi maisha yangu yote mahali ambapo jua halibadili ahadi. Katikati ya Desemba lilikuwa linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Zipo siku niliingia maktaba gizani na kutoka gizani. Jumapili maduka karibu yote hufungwa kwa sheria, mitaa inanyamaza, na ukiwa chumbani peke yako unasikia jokofu la jirani. Upweke wa namna hiyo haufanani na kukosa watu. Watu walikuwapo, mamia, kwenye kila behewa, kila mmoja na kitabu chake au simu yake, na hakuna aliyeniambia hata habari za asubuhi. Nilizungumza na mama kwa simu nikamwambia kila kitu kiko sawa. Mama hakuamini. Akaniambia, "Toka nje, mwanangu. Hata kama huna pa kwenda, toka."

Nikatoka. Ada ya muhula ilikuwa na tiketi ya usafiri ndani yake, hivyo kupanda treni hakukunigharimu zaidi. Bweni langu lilikuwa karibu na mstari wa U6 wa treni za chini ya ardhi, ule unaochorwa kwa rangi ya zambarau kwenye ramani na kuupasua mji toka kaskazini hadi kusini. Nikajiwekea utaratibu: kila Alhamisi, kituo kimoja. Nashuka, natembea saa mbili, napanda kurudi. Sikuwa na mwongozo wala orodha ya vivutio.

Kipande cha kwanza cha mstari huo kilifunguliwa mwaka 1923. Ukuta wa Berlin, uliougawa mji kuwa Magharibi na Mashariki, ulipoanza kujengwa Agosti 13, 1961, U6 ulijikuta katika hali ya ajabu: ncha zake mbili ziko Berlin Magharibi, tumbo lake liko chini ya Berlin Mashariki. Treni za Magharibi ziliendelea kupita, lakini hazikusimama kwenye vituo vya katikati isipokuwa Friedrichstraße. Zilipunguza mwendo zikapita kwenye majukwaa yenye mwanga hafifu, walinzi wamesimama kwenye vivuli. Watu wa mji waliviita vituo vya mizimu. Juu, raia wa Mashariki walitembea na kusikia muungurumo chini ya miguu yao, wala hawakuwa na njia ya kushuka. Ilikuwa hivyo hadi Ukuta ulipoanguka Novemba 1989, na vituo vikafunguliwa tena Julai mwaka uliofuata. Tangu nilipolijua hilo, ule ukimya wa behewani ulianza kunisemesha. Nilikuwa namtazama mzee aliyekaa mbele yangu na kujiuliza: wewe ulikuwa upande gani? Ulikuwa unapita chini, au ulikuwa unasikia juu?

Kimoja cha vituo hivyo vya mizimu leo kinaitwa Naturkundemuseum, yaani Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Nilishuka hapo Alhamisi ya tatu kwa sababu kulikuwa na baridi kali na nilitaka mahali penye joto. Ukiingia ukumbi mkubwa wa makumbusho hayo unakutana na mifupa ya mnyama mmoja, imesimamishwa ikawa kiunzi chenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Ni dinosauri. Hakuna kiunzi cha dinosauri kilichosimamishwa duniani kinachokizidi kimo. Watoto walikuwa wamelala chali sakafuni ili wamwone kichwa. Nikasogea kwenye maelezo, na jina lililoandikwa pale lilikuwa Tendaguru.

Tendaguru ni kilima cha Lindi.

Nilijua habari hiyo, kwa jinsi mtu anavyojua jambo aliloambiwa darasani na kulisahau baada ya mtihani. Kulijua huko hakukuniandaa kusimama chini yake. Miaka milioni 150 mnyama yule alilala kwenye udongo wa kusini, kisha kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ukamchimba yeye na wenzake, mwanzoni chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Hao wawili ndio wataalamu ambao majina yao huja kwanza. Waliochimba walikuwa mamia ya wenyeji. Waliobeba walikuwa wenyeji pia, mzigo kichwani, safari ya miguu ya siku nne hadi bandari ya Lindi, wakirudi na kurudi tena mpaka ikasafirishwa mifupa zaidi ya tani 200. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa hodari mno wa kuitambua na kuitoa mifupa, na mwaka 2007 mtaalamu mmoja aliyemtambua dinosauri mwingine wa Tendaguru alimpa jina la kisayansi Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka yeye.

Tena angalia miaka. Vita vya Maji Maji vilipiganwa 1905 hadi 1907, na kusini yote ikaachwa na njaa mashamba yalipochomwa. Miaka miwili baadaye ndipo watu wa nchi ile ile wanaitwa kuchimba. Mimi sina shaka kwamba wengi walikwenda kwa sababu palikuwa na ujira na hapakuwa na kingine. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi ule hadi walipotangaza kufunga. Watu walikuwa wanapiga picha, na si kosa lao, mnyama ni mzuri wa kushangaza. Lakini nilitamani kila anayeinua simu ajue ni shingo za akina nani zilizoifikisha shingo ile hapo. Siku hiyo nikabadili mada ya kazi yangu ya semina. Nikaandika kuhusu wabebaji.

Januari nikapata mwenza wa tandemu. Tandemu ni mpango wa wanafunzi wawili kufundishana lugha: saa moja yako, saa moja yangu. Yeye alikuwa Mjerumani wa mwaka wa tatu anayesoma Kiswahili. Siku ya kwanza alinisalimia "Shikamoo, dada" kwa uangalifu mkubwa, nami nikamweleza kwamba sisi ni rika moja, ile aiweke akiba kwa wakubwa, mimi "mambo" inanitosha. Akaandika. Yeye akanifundisha kuitamka ch ya ich, ambayo haiko kooni wala haiko kwenye meno, iko mahali kati ambapo ulimi wangu haukuwahi kufika. Mimi nikamfundisha ng'ombe. Tulikuwa tunakaa kwenye maktaba ya Grimm-Zentrum, karibu na kituo cha Friedrichstraße, tukifukuzwa mezani kwa sababu ya kunong'ona mno, tukahamia kwenye ngazi.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba Kiswahili kimefundishwa Berlin tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1887 ilianzishwa Seminari ya Lugha za Mashariki kwenye chuo kikuu ambacho leo kinaitwa Humboldt, ili kuwaandaa maofisa na wafanyabiashara wa kwenda makoloni. Walimu wa kuzungumza nao waliletwa kutoka pwani yetu. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Bagamoyo na kufika Berlin mwaka 1900. Maandishi yake juu ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa 1903 na Carl Velten, bado yanasomwa na kila anayetafiti pwani ile. Darasani baadhi ya wanafunzi walikataa kumheshimu mwalimu mweusi, na mwaka 1905 kazi hiyo ikaisha. Alikuwa ameoa Mjerumani. Alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya koloni ilimkatalia mke kushuka, naye akageuka na meli kurudi naye Ujerumani. Akafia Berlin mwaka 1927.

Niliposikia hivyo niliifikiria tiketi yangu ya kurudi, iliyokuwa kwenye simu, tarehe imeshawekwa. Mara ngapi nilikuwa nimehesabu siku zilizobaki! Mtoro hakuwa na hesabu hiyo. Tangu jioni ile nikaacha kuhesabu.

Alhamisi zilizobaki tulitembea wawili. Tulikwenda Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa 2008, ambao watu wa Berlin walipiga kura mwaka 2014 usijengwe chochote. Ni zaidi ya hekta 300 za nyasi na lami, na Januari upepo wake unakukata masikio. Njia ya kurukia ndege leo ni ya baiskeli. Kutoka hapo tukatembea hadi Neukölln, kwenye barabara fupi iliyobeba jina la Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, hadi mwaka 2021. Sasa kibao kinasema Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya uwaziri Tanganyika, ambaye naye aliwahi kwenda kusoma ugenini, kwenye chuo cha Ruskin huko Oxford. Nilikigusa kile kibao kwa kiganja. Kilikuwa cha baridi kama barafu.

Semina yangu ya mwisho ilikuwa katikati ya Februari. Nilisoma kuhusu njia ya Tendaguru hadi Lindi kwa dakika ishirini, sauti ikitetemeka dakika tano za kwanza. Jina la Boheti bin Amrani nililisema mara tatu, kwa makusudi. Nilipofunga daftari wakagonga meza. Nilijua sasa maana yake, na bado nililazimika kutazama dirishani.

Siku mbili kabla sijaondoka tulishuka kituo cha Afrikanische Straße, kwenye U6 uleule upande wa kaskazini. Mtaa ule una majina ya kwetu, Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, nyumba za kawaida zenye baiskeli mlangoni. Hapo palikuwa na barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, yule ambaye Waafrika walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 iliamuliwa jina hilo lihesabiwe kuwa la Peters mwingine, mwanasheria, vibao vikabaki vilevile. Agosti 2024 hatimaye likaondolewa. Sehemu moja ya barabara imepewa jina la Anna Mungunda wa Namibia. Nyingine ni Maji-Maji-Allee.

Tulikuwa tumesimama chini ya kibao alipopita mzee na mjukuu wake, mtoto wa miaka sita hivi, wa umri ule wa kusoma kila kitu kinachosomeka njiani. Kwa Kijerumani j hutamkwa kama y. Mtoto akainua kichwa akasoma kwa sauti: "Mayi-Mayi."

Mwenza wangu akachuchumaa hadi wakalingana. "Maji," akamwambia. "Maji-Maji."

Mtoto akamtazama babu yake, kisha akanitazama mimi, akajaribu tena.